Pumzi, Mbabula na Dhamiri Yetu



Mwezi wa sita ukiingia, mji wetu wa Lubumbashi wajua baridi. Sisi tunakaa juu, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua lawaka katika mbingu isiyo na wingu, lakini usiku, hasa mwezi wa sita na wa saba, baridi huingia hata katika mifupa. Ndipo watu wengi, huko Katuba, Kenya, Ruashi na penginepo, huichukua mbabula iliyopikia bukari ya jioni, wakaiingiza chumbani, wakafunga mlango, wakaziba dirisha kwa kitambaa, wakalala.

Tutoe mfano wa nyumba moja. Si nyumba ya mtu fulani, ila yaweza kuwa nyumba yoyote. Chumbani wamelala baba, mama na mtoto mchanga. Nje ya chumba, katika ujia wenye upepo, karibu na mlango usiofungika vizuri, amelala juu ya gunia msichana wa miaka tisa, yatima wa kaka yake baba. Asubuhi majirani wanabisha hodi. Msichana anafungua. Wakiingia chumbani wanamkuta baba amekata roho, na mtoto mchanga kando yake vivyo hivyo. Mama angali hai, lakini kichwa chamwuma vibaya, anatapika, hawezi kusimama. Hapana jeraha, hapana damu, na jana yake hakuna aliyekuwa mgonjwa.

Jioni, katika kilio, mtu mmoja ananong'ona: "Yule yatima mbona hakuumwa hata kichwa?" Mwingine anaitikia: "Na wazazi wake walikufa namna gani?" Wa tatu anatikisa kichwa tu, lakini kutikisa huko kwatosha. Kabla maiti hazijazikwa, hukumu imekwisha kukatwa, na mshitakiwa ni mtoto wa miaka tisa.

Nani ameua katika nyumba ile? Hilo ndilo swali langu leo. Ni swali la dhamiri, lakini hatuwezi kulijibu vema bila kujua kwanza pumzi ni kitu gani na inafanya kazi gani mwilini.

Lugha yetu yenyewe yaheshimu pumzi. Mtu akifa twasema amekata roho. Mtu akiacha kazi ili kutuliza mwili, twasema anapumzika, neno linalotoka katika pumzi. Na Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 2, chasimulia kwamba Mungu alimfinyanga mtu kwa udongo, lakini udongo ule ulikaa bila uhai mpaka Muumba alipoupulizia pumzi yake puani. Basi tuangalie zawadi hii kwa makini.

Hewa si kitu kimoja. Katika sehemu 100 za hewa kavu, 78 hivi ni gesi ya naitrojeni, na karibu 21 ni oksijeni. Sehemu moja inayobaki ni mchanganyiko wa gesi nyingine. Sisi twahitaji hiyo oksijeni. Chini ya mapafu pana msuli mpana uitwao kiwambo. Msuli huo ukishuka, na mbavu zikipanuka, kifua huwa kikubwa, na hewa yaingia ndani kama inavyoingia katika mivukuto ya mhunzi. Kiwambo kikipanda tena, hewa hutoka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara huvuta kama nusu lita. Ukihesabu mchana na usiku, ni zaidi ya lita 8,000 kwa siku, na hakuna aliyewahi kuzilipia hata franga moja.

Ndani ya mapafu hewa hupita katika mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, hata ikafika katika vifuko vidogo sana, milioni mamia kwa hesabu. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba mno, na kwa upande wa pili damu yapita. Oksijeni yavuka na kuingia katika damu. Gesi chafu ya kaboni dioksidi yavuka kutoka damuni ili itolewe nje. Katika damu, oksijeni hushikwa na kitu chekundu kiitwacho hemoglobini, chenye chuma ndani yake. Hemoglobini ni mchukuzi: hupakia mapafuni, hupakua katika mwili wote, kisha hurudi kupakia tena.

Zamani wataalamu walidhani kazi imekwishia mapafuni. Antoine Lavoisier wa Ufaransa, katika miaka ya 1780, alionyesha kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole, kama makala yanavyoungua, ila bila mwali. Lakini moto huo uko wapi? Mmoja wa watu waliosaidia kulijibu swali hilo alikuwa padri, Lazzaro Spallanzani wa Italia, mwalimu katika chuo kikuu cha Pavia, aliyefariki mwaka 1799. Alichunguza konokono na wanyama wengine, akaona kwamba hata vipande vya mwili vilivyotengwa na mapafu vyaendelea kutumia oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Maandishi yake yalitolewa mwaka 1803, yeye akiwa amekwisha kufa. Basi moto hauko mapafuni tu. Uko katika kila nyama ya mwili, katika vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo leo twaviita seli.

Ndani ya seli zetu nyingi mna vijitanuri viitwavyo mitokondria. Huko sukari inayotokana na bukari tuliyokula hutenguliwa hatua kwa hatua. Mwisho wa safari, oksijeni tuliyovuta huungana na hidrojeni ya chakula, yakawa maji, na nguvu hutolewa. Hans Krebs alieleza sehemu kubwa ya hatua hizo mwaka 1937, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1953. Nguvu hiyo haitumiki moja kwa moja. Huwekwa kwanza katika kitu kiitwacho ATP, kilicho kama franga za mwili: moyo hulipwa kwa hizo, ubongo hulipwa kwa hizo, hata jicho linalosoma maneno haya. Penye oksijeni, sukari moja hutoa ATP kama 30. Pasipo oksijeni hutoa 2 tu. Ubongo, ambao hauwezi kuishi kwa mshahara wa namna hiyo, huanza kuharibika baada ya dakika chache.

Hapa kuna jambo litakalompendeza kila mtu wa Katanga. Mlangoni pa mwisho, pale oksijeni inapogeuka kuwa maji, kuna kimeng'enya kinachofanya kazi kwa chuma na kwa shaba. Naam, shaba! Wazee wetu waliyeyusha mawe ya kijani kwa makala na mivukuto, wakafua misalaba ya shaba iliyokuwa fedha yao. Mwaka 1911 tanuri kubwa la mji huu lilianza kazi, na bomba lake refu la moshi limekuwa alama ya Lubumbashi hata leo. Lakini kabla ya wazee, na kabla ya kampuni yoyote, Muumba alikuwa amekwisha kuweka shaba kidogo katika kila mtu, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya gramu kwa mtu mzima. Tajiri hana zaidi kwa utajiri wake, wala yatima aliyelala juu ya gunia hana kidogo kwa ukiwa wake.

Sasa turudi katika chumba kile kilichofungwa.

Makala yakiungua mahali penye hewa nyingi, hutoa zaidi kaboni dioksidi. Hewa ikipungua, hutoa kwa wingi gesi nyingine, kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozeshi. Mwaka 1857 mganga Claude Bernard wa Ufaransa alieleza jinsi inavyoua: hukaa katika damu mahali pa oksijeni. Hemoglobini huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Mchukuzi yule amepakia mzigo usiofaa, na hataki kuushusha. Mtu aendelea kupumua, kifua chapanda na kushuka, lakini seli zake zakosa hewa. Kwanza kichwa chauma, kisha kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Aliye usingizini tayari huenda asisikie lolote kati ya hayo.

Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Ni kweli, lakini hapa tuongeze onyo: pana moto unaoua bila moshi. Watu wengi husubiri makala yawe mekundu, moshi uishe, ndipo waingize mbabula ndani, wakidhani hatari imepita. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya, kwa maana gesi ile yaendelea kutoka, na hakuna pua inayoweza kuitambua.

Basi tuseme sasa juu ya yule msichana. Kwa nini hakufa? Kwa sababu alilazwa mahali pabaya kuliko wote. Alinyimwa chumba chenye joto, akapewa ujia wenye upepo, na upepo ule aliokuwa akiulilia usiku ndio uliomletea hewa safi. Kwa nini mtoto mchanga alikufa? Kwa sababu mtoto mchanga hupumua upesi kuliko mtu mzima, na kwa hiyo hujaza sumu upesi zaidi. Zamani wachimba migodi wa Ulaya walishuka na ndege wadogo katika vizimba kwa sababu hiyohiyo: ndege alianguka kwanza, wao wakapata nafasi ya kukimbia. Msichana yule hana siri. Ubaya aliotendewa ndio uliomwokoa, nao wanataka kuugeuza kuwa ushahidi juu yake.

Najua jibu la baadhi ya watu wetu. Watasema: "Hayo ya gesi twayakubali. Lakini kwa nini usiku ule, na kwa nini nyumba ile? Nyumba ya jirani nayo ilikuwa na mbabula. Lazima kuna mtu aliyeituma gesi." Tusilidharau swali hili, kwa maana si la mpumbavu. Mtu aliyefiwa hatafuti tu namna kifo kilivyokuja, atafuta pia maana yake.

Lakini tuligawanye swali lake. Sehemu moja yaweza kujibiwa kwa kuangalia: jirani ana tundu chini ya paa, makala yake yalikuwa machache, au aliitoa mbabula kabla ya kulala. Ukichunguza kwa saburi, sehemu kubwa ya "kwa nini" yapata jibu lililo wazi. Sehemu nyingine, yaani kwa nini Mungu aliruhusu watu hawa waondoke leo, hakuna mtu awezaye kuijibu. Hata Ayubu aliuliza, wala hakupewa hesabu. Kosa letu ni kuchukua pengo hilo, ambalo ni la Mungu, tukalijaza kwa jina la jirani. Na angalieni ni jina la nani hutajwa. Mara chache ni la mwenye cheo au mwenye ndugu wengi. Hutajwa mjane, bibi kizee, yatima, mtu asiye na wa kumtetea. Uchawi ungekuwa ndio sababu, mbona daima huonekana kwa walio dhaifu?

Kuna jibu la upande wa pili, la kijana aliyesoma. Yeye asema: "Tazama basi, pumzi ni kemia tu. Hakuna roho, hakuna Muumba; kuna sukari na oksijeni." Huyu naye ameruka mto kwa mguu mmoja. Anayejua jinsi ngoma inavyowambwa hajaeleza bado kwa nini watu wanacheza. Kujua kwamba nguvu ya ubongo yatoka katika bukari hakuniambii kama niseme ukweli au uongo kwa nguvu hiyo. Yule anayenong'ona katika kilio na yule anayesimama kumtetea mtoto wote wawili wapumua hewa ileile, wala seli zao hazitofautiani. Tofauti yao iko mahali pengine, na mahali hapo ndipo tunapopaita roho. Elimu ya mwili haimfukuzi Mungu. Inafukuza uongo tuliokuwa tukiusema kwa jina la mambo yasiyoonekana.

Nani ameua, basi?

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha juu ya ujinga na dhambi. Kuna ujinga ambao mtu hawezi kuushinda kwa juhudi yake. Huo haumtii hatiani. Na kuna ujinga ambao angeweza kuuondoa, na ilimpasa kuuondoa, lakini akapuuza. Huo wenyewe ni dhambi. Baba wa nyumba ile, kama hakuambiwa kamwe, hakuua. Alitaka kuwapa watoto joto, na Mungu ajua moyo wake. Lakini sisi tuliokwisha kujua, na tukanyamaza, je? Mwenye nyumba anayepangisha chumba kisicho na dirisha, akapokea kodi kila mwezi bila kufikiri wapangaji watapumua nini, je? Amri ya tano haikatazi kisu peke yake. Yakataza pia uzembe unaomwondolea mtu uhai.

Na wale wa kilio, waliomshitaki mtoto? Wao wamevunja amri ya nane, inayokataza ushahidi wa uongo, na mara nyingi uvunjaji huo huwa njia ya kuivunja ya tano. Mtoto anayefukuzwa usiku wa baridi ametupwa kwenye kifo cha pole. Miongoni mwa watoto wa barabarani katika miji ya Kongo wamo wengi waliofukuzwa kwao kwa kusingiziwa hivyo. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kuwalinda watoto yaweka kifungo kwa mtu amshitakiye mtoto uchawi. Lakini Mkristu asingoje polisi wamfundishe alichofundishwa katika katekisimu.

Mtu aweza kuniambia: "Padri na mwalimu wasema vizuri, lakini baridi ni baridi, na umeme hatuna." Neno hilo ni la haki, na mtu aliyelala katika blanketi tatu asimkemee aliye na moja iliyochanika. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, aliandika juu ya moshi wa kupikia na wa kuotea moto unaowadhuru maskini. Kwa hiyo hewa safi nyumbani si jambo la afya tu, ni jambo la haki. Parokia yenye blanketi za ziada, jirani mwenye misumari na dakika chache za kufungua tundu chini ya paa la mjane, wanatenda huruma iliyo kamili kama kumpa mwenye njaa chakula.

Tena tusidhani kwamba maarifa ni mali ya wazungu na vitabu. Angalieni mama zetu na mihogo. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi, na sumu hiyo hufunga kimeng'enya kilekile chenye chuma na shaba nilichokitaja, hata seli isiweze kupumua. Mama zetu hawakujua jina la kimeng'enya, lakini waliiloweka mihogo siku kadhaa, wakaikausha juani, ndipo wakatwanga. Aliyeharakisha alionywa, na binti alifundishwa na mamaye. Kama tuliweza kuishinda sumu ya muhogo kwa saburi na mafundisho, hatushindwi na ya mbabula. Mbabula iotwe nje au mlango ukiwa wazi, na itolewe nje kabla ya kulala, hata kama makala yaonekana kuwa majivu. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja penye makala, milango ifunguliwe mara moja, watolewe nje, wapelekwe hospitali wapewe oksijeni.

Nimalizie kwa neno moja. Chakula mtu aweza kukiweka ghalani, maji aweza kuyaweka katika mtungi, lakini pumzi hakuna awezaye kuiweka akiba. Twaipokea, twaitumia, twairudisha, na hewa iliyotoka kwangu yaingia kwako. Mungu amependa tuishi hivyo, kila mmoja akikopeshwa kwa dakika chache tu, ili tusisahau mwenye mali ni nani. Na Bwana wetu, jioni ya Pasaka, alipowapa mitume uwezo wa kuondoa dhambi, Mtakatifu Yohane asema aliwapulizia. Kinywa cha Mkristu kimepewa pumzi kwa kazi ya namna hiyo, yaani kufungua. Kisitumike kunong'ona.

Basi, ndugu zangu, usiku wa leo kabla ya kulala, tolea mbabula nje. Kisha uende ukamwone yule anayelala ujiani, umwingize ndani.